Kushona darizi ya kanvasi kwenye mkoba: mkono, cherehani, gundi au vifungo?

Tundu la mwisho la kanvasi, kile kitambaa kigumu chenye matundu kinachojazwa kwa sufu au uzi, limejazwa, mkia wa uzi umefichwa nyuma, na darizi imelala mezani ikisubiri mkoba. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hukwama. Wengine huikunja na kuiweka kwenye droo kwa sababu hawajui waishikizeje. Wengine huipachika kwa njia ya kwanza iliyowajia, kisha baada ya wiki chache wanaiona ikiachia pembeni. Nimepitia karibu njia zote nitakazozilinganisha hapa, na nina upande wangu, kwa hiyo nauweka wazi mapema ili usomaji wako uwe na kipimo.

Darizi huishi kuliko mkoba. Mpini hukatika, pembe za chini hulika, bitana huchanika, zipu hukataa kufunga, na wakati huo wote darizi iliyojazwa vizuri kwa sufu bado ina rangi na nguvu zake. Miezi uliyoitumia iko kwenye darizi. Ndiyo maana swali ninaloanza nalo ni hili: siku mkoba ukichoka, nitaweza kuitoa darizi ikiwa nzima? Urahisi wa kuipachika naufikiria baadaye.

Inyooke kwanza

Njia zote zinaanzia hapa, na ukiruka hatua hii hakuna njia itakayokuokoa. Mishono ya hanamu huvuta kanvasi upande mmoja, kwa hiyo darizi ya mraba hutoka mkononi ikiwa imeinama, hasa kama ilifanywa bila fremu. Nusu msalaba, yaani mshono mmoja wa hanamu usiovukwa na mwingine, ndiyo inayovuta sana, na huacha mgongo mwembamba. Mshono unaopanda na kushuka kwa mistari ya hanamu, ambao mgongo wake unafanana na ukili uliosukwa, huvuta kidogo mno na huacha mgongo mnene. Kama hujaanza kudarizi na tayari unajua kazi itaishia kwenye mkoba, tumia huu wa pili. Mkoba husuguana na nguo, kiti na ukuta kila siku, na mgongo mnene ndio unaobeba msuguano huo.

Kunyoosha kwenyewe si kugumu. Chora mraba au mstatili wa kipimo sahihi kwenye karatasi, uilaze juu ya ubao laini, na uifunike kwa nailoni ili wino usihamie kwenye darizi. Lowesha darizi kwa sponji, ivute taratibu mpaka ifuate mistari, kisha ibane kwa pini zisizoshika kutu, pini moja kila sentimita mbili hivi, ukipitisha kwenye kanvasi tupu ya pembeni. Darizi yenye mishono bapa ielekee chini. Yenye mishono iliyoinuka ielekee juu isije ikabonyea. Iache ikauke kabisa, siku moja au mbili, mbali na jua. Kabla ya maji yoyote, gusa kila rangi kwa pamba nyeupe iliyolowa. Ikitoka na rangi, usiloweshe. Hariri na wino wa kuchorea kanvasi ndivyo vinavyohitaji tahadhari kubwa.

Ikishakauka, pima kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, mara zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, imenyooka. Visipolingana, rudia. Darizi iliyoinama ikishonwa kwenye mkoba ulionyooka huonekana tangu mlangoni, na kasoro hiyo huwezi kuificha kwa pindo wala urembo.

Mkoba uliokwisha kushonwa: mkono au cherehani?

Hili ndilo chaguo la wengi: una mkoba wa turubai au wa jinzi unaoupenda, na unataka darizi ikae mbele yake kama kiraka cha heshima.

Cherehani huvutia kwa kasi yake. Tatizo la kwanza ni kuingia. Mkoba uliokwisha kushonwa ni kama chungu: upande wa mbele haulali bapa chini ya sindano bila upande wa nyuma kuufuata. Mkoba mpana usio na bitana unaweza kupita kwenye mkono mwembamba wa cherehani kama mkono wa shati unavyopita. Mkoba mdogo, au wenye kitako kigumu, utakulazimisha kufumua mshono wa upande mmoja, ushone, kisha uufunge tena. Hapo kasi uliyoifuata imeshapotea.

Tatizo la pili ni unene. Hesabu: kanvasi, sufu juu yake, pindo la kanvasi lililokunjwa nyuma, kitambaa cha mgongo, halafu turubai ya mkoba. Kwa kanvasi ya matundu 18 kwa inchi, yenye nyuzi nyembamba, sindano namba 100 (kwenye pakiti huandikwa pia 16) hupita bila shida ukiweka hatua ndefu kidogo, milimita 3 hadi 3.5. Kwa kanvasi ya matundu 10, sindano hupiga nyuzi ngumu za kanvasi, hupinda, mara nyingine huvunjika. Tena mguu wa cherehani huikandamiza sufu na kuisukuma mbele, hivyo ukifika pembe ya mwisho unakuta darizi imesogea nusu sentimita kutoka pale ulipoipiga pini.

Ukiamua cherehani licha ya hayo, usikunje pindo. Piga zigizaga kuzunguka nje kidogo ya mstari wa mwisho wa darizi, kata kanvasi iliyobaki, ishikize darizi mahali pake kwa kupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono, kisha funika ukingo wote kwa utepe na ushone utepe huo kingo zote mbili. Unene unapungua, na mguu wa cherehani unapita juu ya utepe badala ya sufu. Huonekana vizuri sana kama rangi ya utepe imetoka ndani ya darizi yenyewe.

Mkono ni wa polepole. Kipande cha upana wa kiganja huchukua jioni moja, na kikubwa huchukua mbili. Lakini mkono unaingia popote, unaona kila hatua, na haukandamizi kitu. Mimi hufanya hivi.

Napiga zigizaga ukingoni, au napaka gundi nyembamba ya kuzuia nyuzi zisifumuke, kisha nakata kanvasi ibaki sentimita moja na nusu kuzunguka. Kanvasi ya kawaida, ambayo nyuzi zake zinapishana tu, hufumuka haraka, hivyo hatua hii haina mjadala. Ile ambayo nyuzi zake zimefungana kwenye kila makutano inavumilia zaidi, lakini hata hiyo naipa ulinzi. Nakata ncha za pembe kwa hanamu ili pindo zisirundikane, nakunja kanvasi nyuma, na kuishikiza kwenye mgongo wa darizi kwa uzi wa kawaida wa kushonea. Kisha nafunika mgongo wote kwa felti nyembamba au pamba nyepesi.

Sasa ukingo. Unaweza kukunja kanvasi pale pale mstari wa mwisho unapoishia. Ni rahisi, ila baada ya muda sufu ya ukingoni husogea na weupe wa kanvasi huanza kuchungulia. Njia ninayoipenda ni kukunja ukiacha nyuzi mbili za kanvasi zikiwa tupu mgongoni mwa kunjo, kisha kuzifunga kwa mshono wa msalaba mrefu unaosukana kama msuko wa nywele, kwa sufu ile ile ya darizi. Msuko huo ndio unaoguswa na kusuguliwa badala ya picha, na ukilika unaweza kuusuka upya bila kuigusa darizi. Kwa sababu hii nasisitiza: bakiza sufu ya rangi ya ukingo, iliyotiwa rangi pamoja na ile uliyotumia. Ukinunua baadaye, rangi yenye jina lile lile inaweza kuja na tofauti ndogo ambayo jicho litaiona.

Halafu kuna jambo ambalo sikufundishwa na mtu, na lilinigharimu mkoba mzima kulijua. Usipige pini darizi kwenye mkoba mtupu uliolala bapa mezani. Mkoba ukijazwa hutuna, na upande wa mbele huwa na mviringo. Darizi iliyoshonwa kwenye ubapa haina nafasi ya kuufuata mviringo huo, kwa hiyo pembe huvutwa na katikati hujikunja. Jaza mkoba kwanza, kwa taulo au mto mdogo, uusimamishe kama utakavyokuwa begani, kisha upange darizi na kupiga bandi. Ukimaliza bandi, toa vilivyomo na uingize kipande cha kadibodi ndani ili sindano isishike upande wa nyuma wala mfuko wa ndani.

Kushona kwenyewe ni mshono wa ngazi: sindano inachota nyuzi chache za mkoba, inapanda na kuchota chini ya ukingo wa darizi, inashuka tena. Hatua ziwe milimita tatu au nne. Uzi wa poliesta uliopitishwa kwenye nta ya nyuki haujisokoti na hauchakai upesi. Sindano iliyopinda kama mwezi mchanga ni msaada mkubwa pale ambapo mkono hauwezi kuingia ndani ya mkoba, na subana usiiache, kwa sababu turubai nene huumiza kidole kabla hujafika pembe ya pili.

Kama mkoba una bitana, fumua sehemu ndogo ya mshono wa bitana, sentimita kumi hadi kumi na tano, chini au upande. Mkono unaingia kati ya bitana na turubai, unashona darizi kwenye turubai peke yake, kisha unafunga bitana. Kushona kupitia vyote viwili kunaokoa nusu saa lakini bitana hukaza na kuchanika pale pale ulipoishika.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, mkono. Cherehani iwe ni kwa kanvasi nyembamba, mkoba mpana usio na bitana, na ukingo wa utepe.

Kiraka juu ya mkoba, au mkoba uliojengwa kuzunguka darizi?

Darizi inapokuwa sehemu ya ukuta wa mkoba, kitu kingine kabisa hutokea kwa uzuri wake. Hakuna ukingo unaoinuka, hakuna pembe ya kunasa, na jicho haliulizi kipi kilitangulia. Kwa sura pekee, njia hii inashinda zote. Inakutaka mambo matatu ambayo kiraka hakikutaki.

La kwanza ni kuamua mapema. Mshono wa kuunganisha utakula ukingo wa darizi. Ukishona nje ya mstari wa mwisho, kanvasi nyeupe itaonekana; ukishona ndani yake, picha itapungua. Dawa ni kuongeza mistari miwili au mitatu ya rangi ya mandhari kuzunguka pande zote kabla hujanyoosha, ili mshono uile mistari hiyo. Aliyekwisha kunyoosha na kukata kanvasi hawezi tena kufanya hivyo kwa raha, na kwake ningesema bila kusita: fanya kiraka.

La pili ni kujua kushona mkoba. Huhitaji kuwa fundi mkubwa, lakini lazima uwe umeshashona walau mkoba mmoja wa kawaida wenye bitana. Usijifunzie kwenye darizi ya miezi minne.

La tatu ni kuelewa uzito unapita wapi. Kanvasi iliyodariziwa inaonekana imara, na mtu hushawishika kuiachia mzigo. Mipini ikishonwa juu ya kipande cha darizi, kila kitabu unachobeba kinavuta nyuzi za kanvasi na kuzitenganisha. Mipini ishikwe na kitambaa: ama mikanda ishuke pande zote mpaka kitako na kupanda upande wa pili, ama darizi izungukwe na fremu ya turubai na mipini ishonwe kwenye fremu. Bitana nayo ikatwe ndogo kidogo kuliko ganda la nje, tofauti isizidi milimita chache, ili vitu vilivyomo vilalie bitana na kuacha darizi ikining'inia huru.

Mimi huchagua fremu ya kitambaa karibu kila mara. Darizi inakaa katikati kama picha ukutani, vipande vinne vya turubai vinaizunguka, na pembe za chini za mkoba, zile zinazoburutwa sakafuni, zinakuwa za turubai. Mkoba ambao darizi yake inafika mpaka pembe za chini hupendeza siku ya kwanza, ila pembe hizo ndizo zitakazolika kabla ya kitu kingine chochote.

Unapounganisha, weka nyuso mbili zikitazamana na ushone ukiangalia upande wa kanvasi, sio upande wa kitambaa. Ukiwa upande huo unauona mstari wa matundu na unaufuata kama reli. Pembeni, paipini, ile kamba nyembamba iliyofungwa ndani ya kitambaa kilichokatwa hanamu, hufanya kazi kubwa: inaficha tundu lolote lililokosewa, inaweka mpaka safi, na inapokea msuguano. Ishonwe kwa mguu wa zipu ili sindano ikaribie kamba. Usikate kanvasi iliyobaki chini ya sentimita moja na nusu hata kama mshono unakuwa mnene. Ponda unene huo kwa kupasi upande wa ndani ukiwa na kitambaa chenye unyevu juu yake, na uuache ulale upande wa turubai.

Mkoba wenye mfuniko unaokunjika unataka neno la ziada. Darizi kwenye mfuniko inaonekana vizuri, lakini itakunjwa mara nyingi kila siku. Kanvasi ya matundu 18 inakunjika kwa upole; ya matundu 10 yenye sufu nene inakunjika kama kadibodi, na baada ya muda mstari wa kunjo huonekana. Ukiwa na ya matundu 10, iweke sehemu ya chini ya mfuniko na uache sehemu ya kunjo iwe kitambaa kitupu.

Na mfuko wa nje? Watu wengi hupenda kushona darizi pande tatu na kuacha ya juu wazi iwe mfuko. Ni wazo zuri kwa karatasi au leso. Lakini ukingo wa juu utavutwa na vidole kila siku, kwa hiyo uwe na bitana kamili na pindo la kitambaa cha hanamu, wala usitie simu humo. Simu huvuta ukingo mpaka unalegea, na ukilegea haurudi.

Gundi na pasi

Hapa nitakuwa mfupi. Kanvasi ina matundu, na gundi hupita kwenye matundu. Ikikauka huwa ngumu ndani ya sufu, baadhi hugeuka manjano, na mahali mkoba unapokunjika huanza kuachia kutoka pembeni. Utando wa kubandika kwa pasi una shida nyingine: mgongo wa darizi una milima na mabonde, hivyo utando hushika vilele peke yake. Ukiongeza moto ili ushike zaidi, sufu inabonyea, nyuzi za kung'aa zinayeyuka, na mkoba wa nailoni unajikunja.

Jambo baya kuliko yote ni kwamba hakuna kurudi nyuma. Darizi niliyowahi kubandika kwa gundi sikuweza kuitoa. Ilitoka vipande, na mgongo wake ukabaki kwenye mkoba.

Kubandika kwa pasi kuna nafasi moja ya haki. Kitambaa chepesi cha kukazia kinaweza kubandikwa mgongoni mwa darizi ya nyuzi za pamba, kwa moto wa kiasi, ili kuipa ugumu kabla ya kushonwa. Gundi nayo, ukiacha ile nyembamba ya kuzuia nyuzi zisifumuke, ina nafasi moja: nukta ndogo ndogo chini ya pindo, kushika mahali wakati unashona. Zaidi ya hapo, sindano.

Ya kuvuliwa na kurudishwa

Hii ni njia niliyoidharau kwa muda mrefu, na sasa naiona kuwa jibu sahihi kwa watu wa aina moja: wale ambao mkoba wao unafuliwa mara kwa mara. Mkoba wa pamba wa kila siku unachafuka na unataka kufuliwa kwa maji na sabuni. Darizi ya sufu haitaki hayo. Maji ya moto na kusukwasukwa huifanya sufu ijikaze na kushikana, na kanvasi hupoteza ile dawa ya ugumu iliyowekwa kiwandani. Vitu viwili vyenye mahitaji tofauti vinaishi vizuri vikiweza kuachana siku ya kufua.

Kati ya vishikizo, vifungo vya kubonyeza vinashinda velkro. Vishone mgongoni mwa darizi, kimoja kila sentimita tano au sita na kimoja kila pembe, na wenzao kwenye mkoba. Velkro hushika kwa nguvu zaidi, ila upande wake wa kulabu hunasa sufu na kuinyofoa. Kama huna budi kuitumia, upande laini ukae kwenye darizi na wa kulabu ukae kwenye mkoba. Hata hivyo darizi ikiwa haipo, kulabu zitabaki zikikwaruza nguo zako.

Gharama ya njia hii ni muonekano. Darizi ya vifungo haikai bapa kama iliyoshonwa, hupumua kati ya kifungo na kifungo. Mgongo mgumu wa felti nene hupunguza hilo. Na kwenye umati, kitu kinachovulika kwa kuvutwa kinaweza kuvulika bila wewe kutaka. Kwa darizi ya thamani kubwa moyoni, futa mkoba kwa kitambaa chenye unyevu na uishone moja kwa moja.

Ukiamua kuishona moja kwa moja kwenye mkoba wa pamba mpya, fua mkoba kwanza ukiwa mtupu. Pamba mpya hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, yaani hupungua, na darizi iliyokwisha kushonwa haitapungua nayo. Utabaki na kiraka kilichotuna katikati ya mkoba uliojivuta.

Mkoba ulionunuliwa ukiwa na dirisha lake

Ipo mikoba, mingi ya ngozi, inayotengenezwa ikiwa na nafasi maalumu ya kuingizia darizi: unaikata kwa kipimo, unaiteleza ndani, na ukingo wa ngozi unaificha pembezoni. Kwa asiyetaka kushika sindano ya kushonea, hakuna njia iliyo rahisi zaidi, na kutoa darizi ni sawa na kuiingiza.

Sharti lake ni moja, lakini halina huruma: pima dirisha kabla ya kuanza kudarizi. Darizi lazima ilizidi dirisha kwa mistari kadhaa kila upande ili isichungulie, na isizidi nafasi ya ndani ikajikunja. Kutafuta dirisha la kutosha darizi iliyokwisha ni kazi ya bahati. Tena hapa pindo nene halina nafasi, kwa hiyo ukingo ulindwe kwa zigizaga au gundi nyembamba, bila kukunjwa.

Mkoba wa namna gani upo mkononi mwako?

Turubai na jinzi hupokea kila kitu nilichosema. Ngozi ni tofauti, kwa sababu tundu la sindano kwenye ngozi ni la kudumu. Usitumie pini, tumia vibanio. Toboa matundu kwanza kwa msumari wa fundi viatu, kwa nafasi isiyopungua milimita tatu au nne, kwani matundu yaliyosongamana huifanya ngozi ichanike kwa mstari kama karatasi ya stempu. Tumia uzi mnene wa nta. Ukikosea mara moja, kosa litabaki likionekana, hivyo kwa anayeanza ningependekeza ngozi iwe mkoba wa tatu au wa nne.

Kikapu cha kusuka kinaonekana kigumu kushonea, kumbe ni rafiki. Sindano butu ndefu inapita kati ya misuko bila kutoboa chochote. Weka kipande cha felti upande wa ndani na ushone darizi na felti hiyo zikiubana ukuta wa kikapu katikati, vinginevyo uzi utakata misuko uzito ukivuta. Nailoni ya mikoba ya mgongoni haipendi matundu mengi wala pasi. Kwake tumia hatua ndefu, uzi wa poliesta, na darizi ndogo.

Kumpa fundi

Si aibu kumpa fundi, na kwa mkoba wa kujengwa kuzunguka darizi huenda ndiyo busara. Lakini fundi mzuri wa nguo si lazima awe amewahi kushika kanvasi. Kuna aliyewahi kunikatia kanvasi kwenye ukingo kabisa wa darizi, akidhani ile sehemu nyeupe ni takataka ya kuondolewa. Mistari ya pembeni ikaanza kufumuka kabla ya mshono wa kwanza.

Tangu siku hiyo napeleka kazi ikiwa imenyooshwa, ina kanvasi tupu ya sentimita tano kila upande, na imepigwa zigizaga tayari. Nachora kwa uzi wa rangi mstari ambao mshono unapaswa kupita. Nauliza mambo mawili: mipini itashikwa na nini, na pasi itapita wapi. Jibu la swali la kwanza likiwa "kwenye darizi hapa juu," nachukua kazi yangu na kurudi nayo nyumbani.

Siku ya kuitoa

Kiraka cha mkono hutoka kwa kukata uzi wa ngazi hatua moja moja kwa kisu kidogo cha kufumulia. Mkoba unaachia, darizi inabaki na msuko wake, mgongo wake na pembe zake, tayari kwenda kwingine jioni hiyo hiyo. Ya kujengwa inataka kufumua mshono mzima, na hapo ndipo ile sentimita moja na nusu uliyokataa kuipunguza inakulipa, kwa maana ina nafasi ya kushonwa tena. Ya cherehani yenye utepe hutoka vizuri ila huacha ukingo wa zigizaga ulio wazi, na utahitaji utepe mpya. Ya vifungo unaivuta tu.

Darizi yangu ya kwanza niliyoishona kwa ngazi iko sasa kwenye mkoba wa tatu. Wa kwanza ulikatika mpini, wa pili ulitoboka kitako. Msuko wa ukingo nimeusuka upya mara moja, upande wa kulia, kule unakosuguana na kiuno, kwa sufu niliyokuwa nimeibakiza.